Kunguru Asiyerudi: Historia ya Neno ‘Hugr’ na Jamaa Zake katika Fasihi ya Kale ya Kigermaniki

Katika Grímnismál, mojawapo ya mashairi ya Kinorse cha Kale yaliyohifadhiwa katika muswada wa Kiaislandi wa karne ya 13, Odin, mkuu wa miungu, anasimulia juu ya kunguru wake wawili ambao kila siku huruka juu ya dunia nzima. Mmoja anaitwa Huginn na wa pili Muninn. Odin anakiri kwamba humhofia Huginn asije akakosa kurudi, lakini humhofia Muninn zaidi. Majina hayo hayakutolewa kwa kubahatisha. La kwanza limetokana na ‘hugr’, neno lililobeba kwa pamoja maana za fikira, nia, shauku na ujasiri. La pili limetokana na ‘muna’, kitenzi cha kukumbuka. Aghalabu wahakiki hulitaja jambo hili kama pambo la visasili kisha wakaendelea na safari yao. Ilhali historia ya maneno yenyewe katika lugha za Kigermaniki inakaribia kuwa kisa cha kunguru hao wawili, na kwa upande wa Kiingereza hofu ya Odin ilielekezwa kusiko. Aliyepotea ni Huginn. Muninn alirudi, akakalia kiota cha mwenzake.

Makala haya yanamfuatilia huyo aliyepotea. Maswali yanayoulizwa ni matatu: neno hili lilitoka wapi, lilibeba dhana gani ya akili na utambuzi, na kwa nini lilikufa katika lugha moja na kuishi katika nyingine. Msimamo wa makala ni kwamba swali la kwanza, ambalo ndilo lililowashughulisha wanaisimu kwa muda mrefu zaidi, halina jibu la yakini. Na kwamba majibu ya swali la tatu yamo katika kazi za watunzi wa mashairi, mahali ambapo wanaisimu hawakutafuta sana.

Jamaa za neno

Ushahidi wa neno umetapakaa katika matawi yote ya lugha za Kigermaniki, jambo linaloonyesha kwamba lilikuwamo kabla ya matawi hayo kuachana. Kinorse cha Kale kina ‘hugr’. Kiingereza cha Kale kina ‘hyge’, Kisaksoni cha Kale ‘hugi’, na Kijerumani cha Juu cha Kale ‘hugu’. Kigothi, lugha ambayo Askofu Wulfila aliitumia kufasiri Biblia katika karne ya 4, kina ‘hugs’, ingawa hilo hutokea kwa nadra mno. Linalotokea zaidi ni kitenzi ‘hugjan’, kufikiri au kudhani, pamoja na nomino ‘gahugds’. Wulfila alipofika katika Injili ya Marko 12:30, panapoamriwa kumpenda Mungu kwa viungo vyote vya nafsi, alikuwa na neno la Kiyunani ‘dianoia’ mbele yake, naye akaliwekea ‘gahugds’. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili hukutana hapo na neno ‘akili’.

Ulinganisho huo mdogo una faida. ‘Akili’ ni neno la Kiarabu, na katika Kiarabu lina undugu na jina la kamba anayofungwa ngamia mguu asitoroke. Hakuna Mswahili anayemwona ngamia anapomwambia mtoto atumie akili. Maana ya neno imo katika matumizi, na matumizi yana historia yake isiyofungwa na kamba ya mzizi. Hili litakumbukwa hapo chini, wakati wa kuzungumzia mizizi ya ‘hugr’.

Ushahidi mwingine wa zamani haumo katika msamiati wa kawaida bali katika majina ya watu. Gregory wa Tours, mwanahistoria wa Wafranka aliyefariki mwaka 594, anamtaja mfalme wa Wadeni aitwaye Chlochilaicus aliyeuawa alipokuwa akishambulia nchi za Wafranka kwa majahazi, yapata mwaka 520. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mdeni N. F. S. Grundtvig alitambua kwamba huyo hakuwa mwingine ila Hygelac, mjomba wa shujaa katika utenzi wa Beowulf. Tahajia ya Gregory ni jitihada ya Kilatini kulishika jina lililokuwa na ‘hugi’ mwanzoni mwake. Mke wa Hygelac katika utenzi huo anaitwa Hygd, jina lenye maana ya fikira au busara, na katika miaka ya 1960 wahakiki kadhaa walishikilia kwamba mtunzi aliyapambanisha majina hayo mawili makusudi: mume mwenye pupa, mke mwenye kutafakari. Hoja hiyo inapendeza, ila kwa upande wa mume ina udhaifu, kwa maana Hygelac alikuwa mtu wa historia na jina lake alilipewa na wazazi wake, si na mtunzi. Kwa upande wa Hygd hoja ina nguvu zaidi.

Kutokana na shina hilo hilo yalitoka majina Hugo na Hubert, na umbo la Kifaransa Hugues ambalo Wanorman walilipeleka Uingereza baada ya mwaka 1066 likawa Hugh. Kwa njia hii neno lilifika hata Kenya bila ya mtu kulitambua: Lord Delamere, mlowezi aliyepewa barabara kuu ya Nairobi kabla haijaitwa Kenyatta Avenue, jina lake la kwanza lilikuwa Hugh.

Chimbuko lililobishaniwa

Mbinu ya kutafuta chimbuko la neno la Kigermaniki iliwekewa misingi na Mdeni Rasmus Rask mwaka 1818 na Mjerumani Jacob Grimm mwaka 1822. Walionyesha kwamba konsonanti za lugha mama ya Kihindi-Kiulaya zilibadilika kwa utaratibu zilipoingia katika Kigermaniki. Sauti k, kwa mfano, iligeuka h: Kilatini kinasema ‘cor’, katika hali nyingine ‘cordis’, kwa maana ya moyo, na Kiingereza kinasema ‘heart’. Kwa hiyo h ya mwanzo katika ‘hugr’ haina budi kutokana na k. Sauti g iliyo katikati ina utata zaidi. Yaweza kutokana na gh ya zamani, au yaweza kutokana na k nyingine iliyolainika kwa sababu mkazo wa neno ulikuwa kwenye silabi inayofuata. Utaratibu huo wa pili uligunduliwa na Karl Verner, Mdeni mwingine, na kuchapishwa mwaka 1877. Kwa mujibu wa hayo, mzizi unaotafutwa ni kuk- au kugh-, wala hapana njia ya tatu.

Hapa ndipo ugumu unapoanzia. Pendekezo mojawapo linalihusisha neno na mzizi wa Kisanskriti ‘śuc’, wenye maana ya kung’aa, kuwaka na pia kuhuzunika. ‘Śoka’ ni huzuni inayounguza. Kwa pendekezo hili akili ya Wagermaniki ilikuwa hapo awali mwako, joto la ndani. Kisauti jambo linawezekana, lakini kwa sharti. Kivumishi cha Kisanskriti ‘śuci’, kinachong’aa, ambacho kwa umbo lake ndicho kinachokaribiana zaidi na neno la Kigermaniki, kina mkazo kwenye silabi ya kwanza, na mkazo huo ungeizuia k isilainike kuwa g. Lazima basi mtu akisie kwamba katika Kigermaniki mkazo ulikuwa umehama. Si muhali, ila ni dhana juu ya dhana.

Pendekezo la pili linaelekea kwenye mzizi wenye maana ya kutambua na kuangalia, ambao ulizaa Kilatini ‘cavere’, kutahadhari, Kiyunani ‘koeō’, kutambua, na Kisanskriti ‘kavi’, mwonaji au mshairi. Mtu wa fasihi anaweza kusamehewa akilitamani pendekezo hili liwe kweli, kwani lingeifanya akili na ushairi kuwa ndugu wa tumbo moja. Lakini mzizi huo hauna konsonanti ya pili, na g ya ‘hugr’ inabaki bila baba. Wanaolitetea hulazimika kuongeza kiambishi ili pengo lizibike.

Kamusi za etimolojia zinazoaminika hukomea kwenye tahadhari: asili ina mashaka. Uamuzi huo hauwaridhishi watu wengi, nao wana namna ya kuukwepa. Mfano ni neno la Kiingereza ‘hug’, kukumbatia, lililoanza kuonekana katika maandishi ya karne ya 16. Limekuwa likihusishwa na Kinorse ‘hugga’, kuliwaza, ambalo ni mzao wa ‘hugr’, na wako wanaojenga juu yake nadharia nzima kuhusu jinsi watu wa kaskazini walivyoona kukumbatia kuwa ni tendo la akili. Asili ya ‘hug’ haijathibitishwa. Wataalamu wa Kiswahili wanaifahamu hatari hii pengine kuliko wengine, kwa kuwa lugha yao wenyewe iliwahi kutangazwa kuwa tawi la Kiarabu kwa hoja ya wingi wa maneno ya mkopo, mpaka ushahidi wa sarufi ya Kibantu ukaizima hoja hiyo.

Kifua kinachochemka

Nguvu ya pendekezo la mwako haitokani na kanuni za sauti peke yake. Inatokana pia na ushairi. Mashairi ya Kiingereza cha Kale yanaiweka akili kifuani wala si kichwani, na katika kifua hicho akili huvimba, hupata joto na kuchemka mtu anapoghadhibika au kuhuzunika, kisha hupoa na kunywea anapotulia. Malcolm Godden aliliandikia jambo hili makala muhimu mwaka 1985, akionyesha kwamba washairi waliiona akili kama nguvu ya ndani yenye hiari yake, isiyokubaliana kila mara na mtu mwenyewe, tofauti na roho yenye urazini waliyoifundisha wasomi wa Kilatini kama Alcuin. Leslie Lockett, katika kitabu kilichotoka mwaka 2011, aliendelea mbele zaidi. Alishikilia kwamba kuchemka huko hakukuwa istiari kwa watu wa kawaida wa zama hizo. Ndivyo walivyoamini mwili unavyofanya kazi.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha uzito wa wazo hilo. Katika shairi ambalo wahakiki huliita Genesis B, Shetani amefungwa kwa minyororo jehanamu. Mtunzi anaeleza kwamba ndani yake ‘hyge’ ilikuwa ikichemka kuuzunguka moyo wake, na nje yake lilikuwapo joto la adhabu. Moto mmoja ndani, moto mwingine nje, na mhusika katikati. Msomaji anayekijua Kisanskriti atajaribiwa kusema kwamba mtunzi alikuwa bado anausikia mzizi wa ‘śuc’ katika neno lake.

Kishawishi hicho hakina budi kukataliwa, na sababu imo katika mashairi yenyewe. Kuchemka hakukuwa sifa ya ‘hyge’ pekee. Kifua chenyewe huchemka. ‘Mod’, jina jingine la akili ambalo halina uhusiano wowote na ‘hyge’ kimzizi, huungana na maneno ya huzuni yanayotokota. ‘Sefa’, jina la tatu, asili yake iko karibu na Kilatini ‘sapere’, kuonja ladha na kuwa na busara, na kwa hiyo kama mzizi ungekuwa na sauti katika ushairi, ‘sefa’ ingezungumzwa kwa lugha ya ulimi na chakula. Haizungumzwi hivyo. Joto ni mali ya dhana ya kifua, nayo iligawiwa maneno yote yaliyoingia humo. Mwanaisimu anayeuthibitisha mzizi wa mwako kwa picha za ushairi, kisha akazifasiri picha hizo kwa mzizi, anazunguka mbuyu.

Genesis B ina umuhimu mwingine. Mwaka 1875 Eduard Sievers, Mjerumani aliyekuwa bado kijana, alidai kwamba sehemu hiyo ya shairi haikutungwa Uingereza bali ilifasiriwa kutoka Kisaksoni cha Kale. Hakuwa na matini asilia mkononi. Alikuwa na msamiati na mizani tu. Mwaka 1894 vipande vya shairi la Kisaksoni vilipatikana katika maktaba ya Vatican, na baadhi ya mistari ikawa inalingana na ile ya Kiingereza. Miongoni mwa maneno yanayoipa Genesis B ladha yake ya kigeni ni ‘hygesceaft’, hali ya akili, linalofuata nyayo za ‘hugiskefti’ la Kisaksoni. Wasaksoni walikuwa walipenzi mno neno hili: Heliand, utenzi wa karne ya 9 unaosimulia maisha ya Kristo kwa karibu mistari 6,000, unalitumia ‘hugi’ kila mara, kwa Kristo, kwa mitume na kwa maadui zao. Neno la kipagani halikupata taabu yoyote kubatizwa. Kilichokuja kulidhuru si dini.

Neno la washairi

Jambo lililowahi kutajwa na wataalamu wa Kiingereza cha Kale, lakini ambalo matokeo yake hayakufuatiliwa inavyostahili, ni kwamba ‘hyge’ ni neno la mashairi. Katika nathari ya Kiingereza cha Kale halionekani ila kwa nadra. Nathari ilitumia ‘mod’. Katika tafsiri ya Kiingereza ya kitabu cha Boethius, kazi iliyohusishwa kwa muda mrefu na Mfalme Alfred aliyetawala kuanzia 871 hadi 899, ingawa uandishi wake sasa unatiliwa shaka, mfungwa anayebishana na Hekima anaitwa kwa jina Mod. Hakuitwa Hyge. Vitenzi na nomino za shina la ‘hyge’, kama vile maneno ya kudharau na ya kiburi, yalipatikana katika mahubiri, lakini neno lenyewe liliachiwa watunzi.

Sababu yake ni ya kiufundi. Ushairi wa Kigermaniki haukuwa na vina vya mwisho. Mstari uligawanywa vipande viwili, navyo viliunganishwa kwa takriri ya sauti za mwanzo wa maneno yenye mkazo. Mtunzi aliyetaka kutaja akili katika mstari unaotawaliwa na h alihitaji neno la h. Katika mstari wa m alihitaji la m. Kiingereza cha Kale kilimpa ‘hyge’, ‘mod’, ‘sefa’ na ‘ferhð’: h, m, s, f. Aidha, ‘hyge’ ilizungukwa na maneno mengi yaliyofaa kuambatana nayo, kama vile yale yenye maana ya moyo, kifua, ugumu na utiifu, ambayo yote katika lugha hiyo huanza na h. Mshairi wa Kiswahili hatalishangaa jambo hili. Analijua neno ‘mtima’, ambalo mitaani na magazetini limeshindwa na ‘moyo’, lakini ambalo katika shairi lenye kina cha -ma ni rasilimali. Wala hapana anayemwuliza mtunzi kwa nini amelitumia.

Haifai kudhani kwamba visawe vya namna hii huwa vitupu. Katika shairi la vita vya Maldon, vilivyopiganwa mwaka 991, kiongozi wa Waingereza ameshauawa na jeshi limetawanyika, na mzee mmoja aliyebaki anawahimiza wenzake. Anasema kwamba kadiri nguvu zao zinavyopungua ndivyo ‘hyge’ inavyopaswa kuwa ngumu zaidi, moyo mkali zaidi, na ‘mod’ kubwa zaidi. Maneno matatu ya utu wa ndani yamepangwa moja baada ya jingine katika mistari miwili, na kila moja limepewa sifa yake. Ugumu umepewa ‘hyge’. Fasiri za Kiingereza cha kisasa hutapatapa hapa, zikichagua mara fikira, mara nia, mara ari. Kiswahili kingepata nafuu kidogo, kwa sababu ‘moyo’ wa Mswahili pia hukusanya nia na ujasiri, na mtu hupiga moyo konde. Lakini mfasiri angekwama mara moja kwenye neno la pili, akiwa ameutumia moyo wake wote katika la kwanza. Muswada wa shairi hilo uliteketea katika moto wa mwaka 1731, na kilichopo leo ni nakala ya kipande cha mistari 325. Lau isingalinakiliwa mapema, ushahidi bora kabisa wa mpaka kati ya ‘hyge’ na ‘mod’ ungalikuwa majivu.

Mfano wa pili ni wa ajabu zaidi. Katika The Seafarer, shairi la baharia lililomo katika Kitabu cha Exeter cha karne ya 10, msemaji anaeleza jinsi ‘hyge’ yake inavyotoka nje ya kifua chake, ikaruka juu ya bahari na makao ya nyangumi hadi pembe za dunia, kisha ikamrudia yenye uroho na shauku. Picha ni ya ndege, na safari ni ya kwenda na kurudi. Vivian Salmon, mwaka 1960, aliihusisha na imani za kaskazini kuhusu roho inayouacha mwili kwa umbo la mnyama. Peter Clemoes alimpinga mwaka 1969 kwa kuonyesha kwamba mawazo kama hayo yamo katika maandishi ya Kilatini ya Alcuin, ambayo mtawa yeyote msomi angeweza kuyasoma. Ubishi huo unahusu chanzo cha wazo. Kuhusu neno, hoja zote mbili zinaacha jambo moja bila kuguswa: mtunzi alikuwa na maneno manne ya akili, na lililotangulia kuruka ni ‘hyge’. Huko Norway, imani za wakulima zilizokusanywa karne nyingi baadaye zilishikilia kwamba ‘hug’ ya mtu huweza kumtoka na kumfikia mwingine aliye mbali, ikamwasha mwili au kumletea kwikwi. Huginn naye huruka. Alcuin anaweza kuwa alimpa baharia falsafa yake. Bawa alilipata katika lugha yake.

Baada ya mwaka 1066

Wanorman walipoiteka Uingereza, walinzi wa ushairi wa takriri waliondoka katika nyumba kubwa, na pamoja nao soko la msamiati wake. ‘Mod’, lililokuwa na riziki katika nathari, lilinusurika, ingawa lilidhoofika likawa ‘mood’, hali ya moyo ipitayo. ‘Sefa’ na ‘ferhð’ yalikufa. ‘Hyge’ lilikufa. Kitenzi cha shina lake kiliendelea kwa muda mfupi katika Kiingereza cha Kati kikiwa na maana ya kuhangaika, kisha nacho kikazimika. Ushairi wa takriri uliporudi kwa nguvu katika karne ya 14, watunzi wake hawakuwa na ‘hyge’ tena. Takriri ilifufuka, neno halikufufuka.

Pengo lilijazwa na neno ambalo mwanzoni halikuhusu kufikiri. ‘Gemynd’ lilikuwa kumbukumbu: kumweka mtu rohoni, kuadhimisha siku ya marehemu. Mzizi wake ni ule ule wa ‘muna’ ya Kinorse na wa Muninn, ndugu wa Kilatini ‘mens’ na Kisanskriti ‘manas’. Taratibu lilipanuka hadi likawa ‘mind’, akili nzima. Kumbukumbu ilipopandishwa cheo hivyo, nafasi yake ya zamani ilichukuliwa na neno la Kifaransa, ‘memory’.

Kwingineko mambo yalikwenda kinyume chake, na hapa ndipo ulinganisho unaponoga. Katika Kiholanzi, shina la ‘hug’ limebaki katika ‘geheugen’, na maana yake ni kumbukumbu, ikiwa ni pamoja na kumbukumbu ya kompyuta. Katika Kijerumani cha Juu cha Kale, ‘gihugt’ lilikuwa tayari limeelekea huko kabla ya shina zima kutoweka katika lugha hiyo. Msweden anayetaka kusema kwamba amekumbuka husema jambo limemjia katika ‘håg’, na Mdeni na Mnorway hutumia ‘huske’, kitenzi kilichotokana na ‘hugsa’, kufikiri. Kwa maneno mengine, Huginn amefanywa kazi ya Muninn katika nchi za Bara na Skandinavia, na Muninn amefanywa kazi ya Huginn Uingereza. Hakuna kanuni ya sauti inayoweza kueleza mabadilishano hayo, na hakuna mzizi uliokuwa umeyaficha tangu mwanzo. Yaelekea kila jamii ilihitaji jina moja la utu wa ndani katika mazungumzo ya kila siku, na ililitwaa lile lililokuwa karibu na mkono wa nathari.

Kiaislandi

Aislandi ndiko kuliko na mwendo tofauti. ‘Hugur’ bado ni akili, na ‘hugsa’ bado ni kufikiri. Lugha hiyo ilibadilika kidogo kuliko ndugu zake, lakini uhafidhina wa sarufi peke yake hauelezi uhai wa neno la namna hii. Mashairi ya Edda na kitabu cha Snorri Sturluson cha karne ya 13, kilichoandikwa kwa nia ya kuwafundisha vijana ufundi wa kutunga, viliendelea kunakiliwa na kusomwa. Utunzi wa ‘rímur’, tenzi ndefu za masimulizi zilizoghaniwa majumbani nyakati za jioni, uliendeleza takriri ya sauti za mwanzo pamoja na msamiati wa zamani hadi karne ya 20. Neno la washairi halikupoteza washairi.

Kwa hiyo lilikuwa tayari lilipohitajika kwa kazi nyingine. Waaislandi walipoanza kujiundia istilahi badala ya kukopa, wazo lilipewa jina ‘hugmynd’, yaani picha ya ‘hugur’, na programu za kompyuta zikaitwa ‘hugbúnaður’, vyombo vya ‘hugur’. Katika Chuo Kikuu cha Aislandi, mjini Reykjavík, fasihi, isimu na historia hufundishwa chini ya kitivo kimoja kiitwacho Hugvísindasvið, na wanafunzi wanaosoma Grímnismál humo huisoma kwa lugha ambayo jina Huginn halihitaji maelezo ya chini ya ukurasa.